Kitambaa cha kostumi na taiti Kisumu: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Kostumi yangu ya kwanza ya kuogelea niliishona kwa kitambaa cheusi nilichouziwa katika duka moja la mjini kama "cha maji". Kikiwa kikavu kilikuwa kizuri kweli. Nilipopanda ngazi kutoka kwenye bwawa, nyuma kulikuwa kumening'inia hadi mapajani, na mtoto wa dada yangu akauliza kwa sauti, "Anti, umebeba maji?" Nilikuwa nimeyabeba. Tangu siku hiyo sinunui kitambaa cha kuvutika kwa macho wala kwa jina. Nanunua kwa vidole.

Jina hasa ndilo hupoteza watu. Ukiulizia Lycra utaonyeshwa kila kinachovutika, hata cha magauni ya harusi. Lycra ni jina la biashara la uzi wa spandeksi, uliobuniwa na Joseph Shivers katika kampuni ya DuPont, Marekani, mwaka 1958. Uzi huo hauvaliwi peke yake. Huchanganywa na nailoni, poliesta, pamba au viskosi, na huyo mwenzake ndiye anayeamua kama utaogelea au utaaibika.

Kwa hivyo, kabla ya kuuliza bei, kunja kitambaa mbali na ukingo wake, pima sentimita 10 kwa utepe, uvute kwa upana. Kifike 15 bila kung'ang'ana. Kiachilie. Kikirudi 10 papo hapo, endeleeni kuongea. Kikibaki 11 kimelegea kama mdomo wa mtu aliyenuna, mrudishie mwenyewe. Vuta pia kwa urefu, maana cha kostumi lazima kivutike pande zote mbili, la sivyo ukiinua mikono mabega yatakukaba. Halafu kinyooshe ukielekeze kwenye mwanga. Kama maua yanapauka na weupe wa chini unachungulia, ndivyo yatakavyopauka juu ya nyonga zako.

Nafasi ya kwanza naipa nailoni na spandeksi, mpya, yenye spandeksi karibu asilimia 18 hadi 20. Ni laini, hukauka haraka, hubana bila kuumiza, na unaweza kuishonea kostumi leo na taiti za kukimbilia kesho. Akina mama wanaotaka kostumi ya kufunika mwili mzima nao nawashauri nailoni, ila nyepesi zaidi, ili kanzu ya juu isigande mwilini wakitoka majini. Adui wake ni klorini, dawa ya maji ya bwawa, ambayo hula spandeksi polepole. Suuza kwa maji safi ukitoka tu kwenye bwawa, uanike kivulini.

Nafasi ya pili ni mitumba, na najua kuna mafundi watakaonikasirikia. Lakini fikiria: taiti ya mtumba mara nyingi huja na lebo yake ndani, imeandikwa nailoni asilimia ngapi, spandeksi asilimia ngapi. Kitambaa cha kukatwa dukani hakina cheti hicho. Nenda soko la Kibuye Jumapili asubuhi, kabla kamera, yaani mitumba ya daraja la kwanza, hazijaisha, utafute taiti za XXL ambazo wengine wanaziruka. Moja hutoa kostumi ya mtoto wa miaka sita na kipande cha kubaki. Jumapili iliyopita nilipata mbili kwa shilingi 200.

Hatari yake ni spandeksi iliyokufa. Kwa macho huioni, kwa hivyo sogeza kitambaa sikioni ukivute. Nilikuwa nikifanya hivyo, mama mwenye meza akacheka.

"Vuta tu, nyathina (mwanangu), si yai hilo."

"Nimevuta, mama. Inalia."

Akaichukua, akaivuta mwenyewe, ikakwaruza kama majani makavu. Akaitupa chini ya meza na kunipa nyingine. Ukiona pia vinywele vyeupe vimechomoza kwenye mshono wa mapaja, huo ndio uzi uliokatika. Na ukikuta kostumi ya mashindano yenye lebo ya PBT, nunua hata kama rangi inakuchukiza. Hiyo ni poliesta inayojivuta yenyewe, na klorini haiiwezi kirahisi.

Ya tatu ni poliesta na spandeksi. Hushika rangi na huvumilia klorini kuliko nailoni, kwa hivyo anayeogelea mara tatu kwa wiki aipandishe hadi ya kwanza. Mimi naishusha kwa sababu nyingi ninazokutana nazo ni nyembamba na zinang'aa kama sare za wacheza densi.

Pamba na spandeksi ni ya nne, tena kwa mazoezi mepesi ya nyumbani tu. Kwa joto letu hili hunywa jasho ikabaki nalo.

Viskosi na spandeksi, ile jezi laini ya magauni, usiipeleke majini kabisa. Hunywa maji, huwa nzito, huteremka. Kile cheusi changu kilikuwa hicho. Skuba, kile kitambaa kinene cha kuvutika, nayo iache kwenye sketi.

Mtu mzima wa wastani hutosheka na mita moja ya kostumi ikiwa upana ni sentimita 150. Taiti ndefu chukua mita 1.2. Mvutiko mkubwa uzunguke mwili, usishuke nao. Usisahau bitana, hasa kwa rangi nyeupe au ya manjano.

Pesa kidogo iliyobaki iweke kwenye sindano ya vitambaa vya kuvutika namba 75, maana ya kawaida huruka mishono, na kwenye uzi wa poliesta. Uzi wa pamba utakatika ukichuchumaa. Lastiki ya kawaida ya sketi hulegea kwenye bwawa. Ulizia ile ya mpira mtupu, upana wa milimita 6 hadi 10, na usiipake mafuta.

Cherehani yenye zigizaga inatosha: upana 1, urefu 2.5. Kama yako ni ya miguu na inashona mstari ulionyooka tu, fupisha mshono, vuta kitambaa kidogo mbele na nyuma ya sindano, rudia mara mbili. Au kata nyumbani, ufunge kwa pini, umpelekee fundi mwenye ovaloki, mashine ya kufunga kingo. Mwambie asikivute anapokipitisha, kisha kaa hapo hapo kwenye stuli mpaka amalize.