Mtoto wa jicho baada ya leza: yaliyonikuta kliniki mbili za Dar

Assalam alaykum jamani. Nimechelewa kuandika haya makusudi, nilitaka macho yatulie kwanza, nisije nikasifu leo halafu mwezi wa pili nikageuza maneno. Sasa mwaka umeshapita na zaidi. Naandika hasa kwa wale waliofanya leza zamani ili waache miwani, na sasa wameambiwa wana mtoto wa jicho. Nyie hamko sawa na wagonjwa wengine, na mkikaa kimya kama nilivyokaa mie mtaumia.

Mie ni mshonaji wa kofia za viua, Unguja. Kazi yangu yote ni jicho na sindano. Toka skuli nilikuwa na miwani mizito, -6.50 macho yote mawili, yani mbali sioni bila miwani, mpaka mwaka 2004 tulipokuwa tunaishi Muscat mume wangu akanilipia leza. Asubuhi yake nikaisoma saa ya ukutani bila miwani, nikalia. Miaka mingi sikuhitaji chochote cha kuonea mbali, miwani ya kusomea tu ndo ilikuja na umri kama kwa kila mtu, kwa hivo nikasahau kabisa kama macho yangu yameshaguswa. Na hapo ndo mambo yalipoharibikia.

Mwaka 2022 ukungu ukaanza, taa za gari usiku zinatawanyika, uzi mweupe na uzi wa rangi ya maziwa nashindwa kutofautisha. Nikaambiwa mtoto wa jicho macho yote, la kulia limezidi.

Kliniki ya kwanza sitaitaja jina. Nilisifiwa kwamba wapesi na bei yao nzuri, na kweli wapesi. Wakaniuliza kisukari, presha, dawa zinazonidhuru, habari ya leza hakuna aliyeuliza na mie wala haikunijia, nilidhani leza ni habari ya miwani na mtoto wa jicho ni ugonjwa mwingine kabisa. Machi 2023 nikafanyiwa jicho la kulia, wakatoa lenzi yenye ukungu wakaweka ya bandia. Haikuuma. Plasta ilipotolewa mwanga mwingi, rangi zinang'aa, lakini mbali bado kuna kiwi na karibu ndo sioni kabisa. Wakasema uvimbe huo, utashuka. Nikangoja wiki, mwezi, miezi miwili. Kupimwa, +1.25. Yani mie niliyekuwa wa namba za kutoa maisha yangu yote nimegeuka wa kujumlisha, ambayo kwa mshonaji ndo mbaya zaidi maana mbali hupati vizuri na karibu pia hupati. Nilipouliza kulikoni ndo mtu mmoja akaniuliza, mama, umewahi kufanya leza? Wakati huo lenzi imeshakaa ndani ya jicho miezi miwili.

Niliumia sana. Jicho la kushoto nikaliacha mwaka mzima kwa woga, nafanya kazi kwa jicho lenye ukungu na jingine lenye namba isiyo yake.

Sasa kliniki ya pili, ndo hii hasa nnayotaka kuizungumzia. Ni ya binafsi, Dar, alinipeleka mtoto wa dada yangu. Fomu ya kwanza kabisa pale mapokezi kuna swali, umewahi kufanyiwa leza au operesheni yoyote ya macho, mwaka gani, wapi. Nilipoliona lile swali moyo ukatulia kidogo. Daktari akasoma, akaniuliza kama nnayo karatasi yoyote ya kabla ya leza. Nilikuwa nayo! Kadi ya miwani ya Muscat, iko ndani ya kopo la biskuti pamoja na vyeti vya watoto. Akasema siku hizi kuna hesabu zinazoweza kufanya kazi hata bila kadi, lakini ukiwa nayo ni msaada, unaweza kulinganisha. Kama una kikaratasi cha aina hiyo usikitupe, kipige picha uitie kwenye simu.

Halafu akanieleza, na hiki ndo kitu nilichokuwa nakitafuta mwaka mzima. Lenzi ya bandia inachaguliwa kwa kupima urefu wa jicho na mviringo wa konea, kile kioo cha mbele. Leza ya watu wa namba za kutoa inaisawazisha konea upande wa mbele tu, kwa nyuma inabaki vilevile. Mashine ya kawaida haiendi nyuma kupima, inakisia kwamba mbele na nyuma vinakwenda kwa uwiano wa siku zote, kwa hivo inaipa konea nguvu zaidi ya iliyonayo, na kompyuta nayo inachagua lenzi dhaifu kuliko inayotakiwa. Matokeo ndo ile +1.25 yangu. Hakuna aliyekosea mkono siku ya operesheni, hesabu ilikuwa imeshakosewa kabla sijalala kitandani. Akaniambia na jengine ambalo sikulijua, kwamba leza haifupishi jicho. Jicho la mtu wa -6.50 ni refu na linabaki refu, kwa hivo hatari ya retina, ule utando wa ndani kabisa nyuma ya jicho unaopokea picha, kubanduka bado ninayo, nikiona vimulimuli au kama pazia linashuka pembeni nisingoje asubuhi.

Vipimo hawakuvikimbilia. Mara ya kwanza wakakuta macho makavu, maana leza inakata mishipa midogo ya fahamu ya konea na kwa wengine ukavu haumalizi, na jicho kavu linadanganya mashine. Wakanipa machozi ya bandia yale yasiyotiwa dawa ya kuhifadhi, wiki tatu, ndo nikarudi kupimwa upya, mashine mbili, pamoja na ile inayochora konea kama ramani ya rangi. Akapiga hesabu kwa fomula zilizotengenezwa kwa watu wa leza, alinitajia Barrett True-K na Haigis-L, akaziweka pamoja na yaliyotokea jicho la kulia. Hakulenga sifuri, alilenga -0.50, akasema tukikosea kidogo kuelekea kujumlisha tutaangukia karibu na sifuri, tukikosea upande mwengine utakuwa unaona karibu na wewe mshonaji hutolalamika. Na hakuniahidi. Alisema wazi kwamba kwa jicho la leza hata hesabu nzuri inaweza kuteleza.

Niliulizia zile lenzi za mbali na karibu kwa pamoja, maana nilishaona matangazo. Angeweza kuniuzia, bei yake kubwa. Akanikataza, akasema zinagawa mwanga, na konea iliyokwisha kupigwa leza juu yake tena lenzi inayogawa mwanga, utapoteza ule uwezo wa kutofautisha rangi zinazokaribiana. Mie nashona uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe! Akanitajia pia kuna lenzi inayorekebishwa namba kwa mwanga maalum baada ya kuwekwa, Marekani iliruhusiwa 2017, lakini wao hawana. Nikachukua ya kawaida ya umbali mmoja. Bei walinipa kwa maandishi kabla, pamoja na dawa na miadi ya kurudi, hawakuongeza hata shilingi.

Nilisubiri Ramadhani ya 2024 ipite maana ndo msimu wa oda za kofia za Idi, nikafanya Mei. Kusi limeshaanza kuvuma, boti inarusha, nikaamua kukaa Magomeni kwa mtoto wa dada wiki nzima mpaka miadi ya pili. Nawashauri mnaotoka visiwani mfanye hivo, siku ya kwanza lazima wakuone na ukitapika njiani unalibana jicho bure.

Kupona kwenyewe sasa. Siku ya kwanza mchanga mchanga na machozi, wiki ya kwanza mwanga unachoma. Dawa za matone mbili, antibayotiki mara nne kwa siku wiki moja, na ya stiroidi, ya kutuliza uvimbe, mara nne halafu unapunguza kila wiki mpaka mwezi, hii ya stiroidi usiiache mwenyewe ukiona jicho jeupe, nesi alinisisitizia sana. Binti yangu akaniwekea alamu kwenye simu. Usiku kifuniko cha plastiki ili nisilifikiche usingizini. Sala nilikaa kitini siku kumi, kusujudu marufuku kwa muda ule, na uso nikapangusa kwa kitambaa kibichi badala ya kumwagia maji. Kukuna nazi sikugusa wiki mbili, kule kuinamia mbuzi na kukaza mikono hakufai, na jikoni kwenye moshi wa makaa nikawaachia wengine.

Kilichonisumbua ni namba kuyumba. Siku ya tatu naona vizuri mpaka vibao vya daladala, siku ya tisa ukungu, nikapiga simu nimejaa hofu nikijua ni yaleyale ya mwanzo. Nesi hakunipuuza, akanambia njoo leo leo. Wakakuta uvimbe mdogo wa konea na ukavu, presha ya jicho nzuri, wakaongeza machozi ya bandia. Wakanikataza kukata miwani kabla ya wiki sita maana namba ya jicho langu inachelewa kukaa. Wiki ya sita nikapimwa, -0.50. Nilimwomba yule kijana wa mashine arudie, akarudia. -0.50.

Nilivyorudi nyumbani nikafungua sanduku la kofia nilizoshona mwaka ule wa ukungu. Mbili nimechanganya uzi, upande mweupe upande wa maziwa, na nilishaziuza tatu kama hizo. Nilimtafuta kila mteja nikambadilishia.

Jicho la kulia daktari alinipa njia tatu, kubadilisha lenzi, kuongeza lenzi nyengine ndogo juu yake, au miwani. Kutoa lenzi iliyokwisha kushikana na jicho ni kazi ngumu zaidi, na jicho lenyewe refu, nikachagua miwani. Navaa, naona vizuri, mbali na karibu. Usiku bado kuna duara kwenye taa za gari ila si kama zamani. Kaniambia pia ule utando wa nyuma ya lenzi unaweza kufanya ukungu baada ya miezi au miaka, wanausafisha kwa leza ya dakika chache, nikiona kiwi kinarudi nisidhani mtoto wa jicho kaota tena.

Lawama ninazo. Kungoja ni kurefu, miadi saa mbili unaingia saa tano, na viyoyozi vinapuliza usoni watu wenye macho makavu, nimewaambia na bado. Kubwa zaidi ni ile karatasi ya maelekezo ya dawa, yote Kiingereza, herufi kama mchele, unampa mtu aliyezibwa jicho moja saa hiyo hiyo. Kulikuwa na mzee kutoka Mafia pembeni yangu kashika karatasi yake kaigeuza juu chini, binti yangu ndo alimsomea na kumwandikia kwa kalamu nene. Kliniki yenye mashine zile haishindwi kuchapa ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye herufi kubwa.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nitawaongezea siku nitakayoiona karatasi hiyo, miadi yangu ya mwaka inakuja na nitaiulizia.