Uzoefu wangu: dawa ya bakteria dhidi ya ubwiriunga wa zabibu

Nina ekari moja ya zabibu aina ya Makutupora nyekundu hapa Hombolo, Dodoma, na misimu mitatu mfululizo ubwiriunga, ugonjwa unaoletwa na kuvu, ulinitesa. Napiga dawa, wiki haijaisha unga mweupe umesharudi kwenye punje. Nikaamini nauziwa dawa feki. Siku moja nikayapanga makopo yangu matatu mezani, majina tofauti, rangi tofauti, nikasoma yale maandishi madogo: yote matatu yana kiambato kile kile, azoksistrobini! Kumbe miaka yote nabadili kopo tu. Dawa za kundi hilo hushambulia sehemu moja ndani ya kuvu, kwa hiyo kuvu ikibadilika kidogo pale, haidhuriki tena. Wakulima wa zabibu Ulaya na Marekani yamewakuta hayo hayo.

Msimu wa kuvuna Agosti nikajaribu dawa yenye bakteria Bacillus subtilis. Hawa hutoa vitu vinavyoharibu utando wa seli za kuvu, tena hupigana nayo kwa njia zaidi ya moja, hivyo si rahisi kuzoeleka. Nilianza machipukizi yakiwa na urefu wa shubiri moja, nikarudia kila siku saba, jioni jua likishapoa. Nilitoa pia majani yaliyofunika vichala, maana ubwiriunga unapenda kivuli na hausubiri mvua.

Matokeo? Nilipofuta punje kwa kidole gumba, ulitoka ule utando wake wa asili tu, ngozi chini ikawa nyeusi safi, bila makovu ya kijivu wala mipasuko. Nilifurahi sana. Lakini mistari miwili niliyochelewa kuipiga, unga ulishaingia na dawa haikufua dafu. Inakinga, haiponyi. Huko niliokoa kwa salfa, asubuhi na mapema, kwa sababu salfa na jua la mchana la Dodoma huunguza majani.

Lawama ninazo. Bei iko juu kwa mkulima mdogo, na kupiga kila wiki kunataka nguvu kazi. Maelezo yote ni ya Kiingereza. Na duka niliponunua waliiweka dirishani juani, wakati ndani mna viumbe hai. Mkinunua, ombeni iliyokaa kivulini na mkague tarehe.

Msimu ujao naanza nayo tena, salfa ikiwa pembeni. Yale makopo matatu sinunui tena.