Kutoa mafaili kwenye diski ya kompyuta ya zamani: kifaa gani kinunuliwe kwanza

Kompyuta ya zamani inapokataa kuwaka, mara nyingi kilichoharibika ni pawa saplai, ubao mama au kioo, huku diski iliyobeba picha za familia na nyaraka za miaka mingi ikiwa bado nzima ndani yake. Kwa hiyo, kabla ya kumlipa mtu fedha nyingi, inafaa kuitoa diski hiyo na kuiunganisha kwenye kompyuta nyingine kwa kifaa cha bei ndogo. Vifaa hivyo vinapatikana kwa urahisi katika maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, lakini vinafanana sana kwa macho, na anayenunua bila kuijua diski yake hurudi dukani siku ya pili.

Diski ya kompyuta ya mezani huitwa ya inchi 3.5, na ya kompyuta mpakato huitwa ya inchi 2.5. Ukiona safu mbili za pini, 40 kwa ya mezani au 44 kwa ya mpakato, hiyo ni IDE, aina ya zamani ya kuunganisha diski, ambayo ilitawala hadi aina mpya iitwayo SATA ilipoingia sokoni mwaka 2003 na kuchukua nafasi yake taratibu. SATA haina pini zinazochomoza. Ina vipande viwili bapa, kila kimoja kikiwa na kona kama ya herufi L.

Nafasi ya kwanza naipa adapta ya USB inayopokea SATA na IDE zote, na inayouzwa pamoja na chaja yake ya umeme. Chaja hiyo ndiyo inayofanya niiweke mbele ya vyote. Diski ya inchi 3.5 huhitaji volti 12 za kuzungusha mota pamoja na volti 5 za saketi, ilhali tundu la kawaida la USB hutoa volti 5 tu. Niliposhughulikia kompyuta ya marehemu baba yangu, nilinunua kwanza waya mtupu usio na chaja. Diski haikuzunguka kabisa, nami nikaamini kwamba imekufa na picha zake zote zimepotea. Wiki moja baadaye niliunganisha adapta yenye chaja ya volti 12 na ampea 2, diski ikavuma taratibu kama feni inayoanza, na folda ya picha za harusi ya dada yangu ikafunguka mbele ya macho yangu. Tangu siku hiyo sikubali mtu aitupe diski kabla hajaijaribu kwa umeme wa kutosha. Kwa diski ya IDE, angalia pia kwamba kile kiunganishi kidogo cha nyuma kimewekwa kwenye nafasi ya “master” (diski kuu), kisha sukuma adapta ikiwa imenyooka. Pini ya 20 kwa kawaida haipo, na pengo lake hukuonyesha upande sahihi, kwa hiyo usilazimishe.

Nafasi ya pili ni kasha la inchi 2.5, ambalo linamtosha mwenye diski ya SATA ya kompyuta mpakato. Halihitaji chaja, ni rahisi kubeba, na wengi hulipenda kwa sababu diski huendelea kutumika ndani yake, ingawa mimi nisingeiamini diski ya zamani ibaki peke yake na nakala ya kitu chochote cha thamani. Chagua la USB 3.0. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500 na la USB 3.0 miliampea 900, na baadhi ya diski huhitaji zaidi ya hizo 500 zinapoanza kuzunguka. Kasi nayo ni jambo kubwa, kwani kunakili gigabaiti 500 kwa USB 2.0 huchukua takriban saa nne. Kama kompyuta yako ni nyembamba na ina kadi ya M.2, yaani diski isiyozunguka yenye umbo la kadi ndogo, uliza kwanza kama ni ya aina ya NVMe au SATA, maana kasha la moja aghalabu halisomi nyingine.

Stendi ya kuchomekea diski mbili naiweka ya tatu, kwa kuwa inamfaa fundi zaidi. Nyingi zina kitufe cha kunakili diski moja juu ya nyingine bila kompyuta, na ukikosea matundu, diski tupu hunakiliwa juu ya ile yenye mafaili.

Programu za kulipia za kuokoa mafaili zinakuja nyuma ya hapo. Ikiwa mafaili yalifutwa au kompyuta inakuomba uifomati diski (yaani uifute na kuiandaa upya), kataa kufomati, kisha anza na TestDisk na PhotoRec, ambazo ni za bure. PhotoRec hurudisha picha bila majina yake ya awali, lakini picha zenyewe hurudi. Usilipie programu yoyote kabla haijakuonyesha faili lako likifunguka, na kamwe usihifadhi kinachookolewa kwenye diski ileile.

Maabara ya kuokoa data ni ghali kuliko vyote na ndiyo maana iko mwisho, isipokuwa kwa diski inayogonga “tik, tik” au iliyoanguka ikiwa inazunguka. Hiyo izimwe mara moja, isijaribiwe kwa adapta, isifunguliwe mezani kwa fundi wala kuwekwa kwenye friza, kwa sababu vichwa vyake husoma vikiwa karibu mno na sahani inayobeba data, na chembe ya vumbi au tone la unyevu linatosha kuikwangua.

Chochote utakachochagua, tenga fedha za diski ya pili ya kupokea mafaili, yenye nafasi kubwa kuliko ya zamani. Nenda dukani na diski yako ikiwa kwenye boksi lenye kitu laini, na umwombe muuzaji aiunganishe hapohapo kabla hujalipa. Usikilize ikizunguka, uione ikitokea kwenye kompyuta yake, lakini usimruhusu abonyeze neno “fomati” hata akikuhakikishia kwamba halina madhara.