Tahadhari: maboksi ya zamani ya Monogram "hayajafunguliwa" yanafungwa upya

Wakuu, mnaokusanya seti za zamani za kuunganisha ndege za kivita na vifaru vya plastiki, kaeni chonjo. Kuna muuzaji huku Marekani anauza maboksi ya miaka ya 1970 ya Monogram, kampuni ya Marekani iliyotengeneza seti hizo, akidai hayajaguswa tangu yatoke kiwandani. Yameguswa, tena sana. Anatoa vya ndani, anaweka vya toleo la juzi, analivika boksi nailoni mpya, anaipiga joto mpaka ibane, halafu bei inapanda mara tatu. Jina simtaji, na hata ningelitaja lisingewafaa, maana akilalamikiwa anafungua akaunti nyingine. Mtambueni kwa kazi yake.

Mimi kaniuzia B-17G ya Monogram, ndege ya kudondosha mabomu ya Marekani ya Vita vya Pili vya Dunia, ya kipimo cha 1/48 (ndogo mara 48 kuliko halisi), toleo la mwaka 1975. Anayeijua seti hiyo anajua kwa nini mtu anahangaika na ya mwanzo wakati matoleo ya baadaye yamejaa sokoni kwa bei ya kawaida. Monogram walikuwa wanatia ndani karatasi ya Shep Paine, fundi maarufu wa Marekani wa mandhari za vifani vidogo, inayoonyesha alivyotengeneza mandhari ya ndege hiyo ikiwa imeanguka, na mbinu za kuipaka rangi ionekane imechakaa kweli. Wapo waliojifunza ufundi wote kwenye karatasi zile. Ikikosekana, umenunua kadibodi.

Nilipokata nailoni kamera ya simu ilikuwa inarekodi, kama ninavyofanya kwa kila boksi la bei. Kitu cha kwanza kutoka ni karatasi ya maelekezo, na chini yake imeandikwa anwani ya tovuti. Tovuti, mwaka 1975! Kampuni iliyotajwa hapo ni Revell-Monogram ya Northbrook, Illinois, ilhali ubavuni mwa boksi pameandikwa Monogram Models, Morton Grove. Monogram na Revell, kampuni nyingine ya seti hizi, ziliunganishwa mwaka 1986, kwa hiyo karatasi hiyo haina namna ya kuwa imelala humo tangu enzi za Rais Ford. Stika za maji, zile za alama za ndege zinazolowekwa kabla ya kubandikwa, nazo nyeupe pee, wakati za umri huo kwa kawaida zimeshaanza kupiga umanjano. Na karatasi ya Shep Paine? Fotokopi. Mikunjo ya ile halisi imetoka kama kivuli cha kijivu katikati ya ukurasa, lakini ukipitisha kidole karatasi yenyewe ni laini, haijawahi kukunjwa.

Nilimwandikia. Akanijibu kwa picha ya plastiki yenye mwaka 1975 uliochongwa, kwamba huo ndio ushahidi. Wageni wengi wa fani hii wanapigwa hapahapa. Mwaka uliochongwa kwenye plastiki ni wa kalibu, yaani chombo cha chuma kinachomiminiwa plastiki, si wa siku seti yako ilipomiminwa. Kalibu ileile inaweza kutumika miaka arobaini na kila kipande kikatoka na mwaka uleule. Umri wa seti utafute kwenye karatasi: maelekezo, stika, anwani ya kampuni, msimbo wa pau kama upo.

Nilipombana zaidi akabadilisha wimbo: yeye kaliuza kama alivyolipata, na kwa kuwa mimi ndiye niliyelikata, sasa ni mali iliyotumika, hairudishwi. Ujanja wote uko hapo. Mkusanyaji anaogopa kukata nailoni kwa sababu thamani inashuka, kwa hiyo maboksi ya huyu bwana yanakaa kwenye makabati ya watu bila kukaguliwa, na siku yakija kuuzwa tena anauza mtu mwaminifu asiyejua anachouza.

Nailoni mpya inatambulika. Nilichojilaumu kwa kutokiona mapema kinaonekana hata kwenye picha: tazama pembe za boksi. Kama kadibodi imesuguliwa mpaka ikawa nyeupe na nailoni iliyo juu yake haina hata mkwaruzo, hilo boksi lilisuguliwa likiwa uchi. Tazama pia kibandiko cha bei cha duka. Duka lilipokea boksi likiwa limeshafungwa, kwa hiyo kibandiko kinapaswa kuwa juu ya nailoni. Kikiwa chini yake, kimebanwa pamoja na boksi, kuna mtu amelifunga baada ya kutoka dukani. La kwangu lilikuwa hivyo: kibandiko cha njano kilichochanika nusu, chini ya nailoni. Na nailoni ya kale ikishakaa miongo inajikaza, inakakamaa, mara nyingine inapinda kabisa kingo za kifuniko. Ya huyu ilikuwa nyororo kama ya mkate.

Wanaopenda vifaru nawaongezea moja. Hata boksi lililofungwa kiwandani kwa haki si salama kulinunua kwa macho. Minyororo ya vifaru vya zamani ni ya vinaili, na vinaili ikilaliana na plastiki ya bodi kwa miaka mingi inaitafuna, inaacha mashimo yaliyoyeyuka. Nje huoni kitu. Kwa hiyo mimi, kwa maoni yangu, nailoni silipii hata senti. Nipe lililofunguliwa, lenye picha ya kila fremu ya plastiki inayoshikilia vipande, vioo vyote vikionekana. B-17 isiyo na kioo cha pua utaifanyia nini?

Hela yangu imerudi kwa sababu nililipa PayPal kwa njia ya manunuzi. Yeye alikuwa ameshanishawishi nitume kwa njia ya ndugu na marafiki, eti atanipunguzia bei. Njia hiyo haina ulinzi wowote wa mnunuzi. Anayekuomba hivyo na hamjuani, achana naye. Video ndiyo iliyomaliza ubishi.

Nilimrudishia boksi lake, na haikupita muda nikaliona sokoni tena, akaunti nyingine, kibandiko kilekile cha njano kilichochanika nusu, nailoni mpya inang'aa. Bei kaongeza. Nimeliripoti, tangazo likaondolewa, na sitashangaa likirudi.

Wadogo zangu wa Dar, Nairobi na Mombasa mnaoagiza kupitia wakala, hili linawahusu kuliko linavyonihusu mimi. Masoko mengi ya mtandaoni yanafuta ulinzi wa mnunuzi mzigo ukishapelekwa kwingine kutoka anwani ya kwanza, na siku za kulalamika zinahesabiwa tangu ulipofika kwa wakala, si ulipofika kwako. Kontena likichelewa bandarini, muda umekwisha na hujaligusa boksi. Mlipeni wakala kidogo alifungue palepale ghalani, apige picha karatasi ya maelekezo, stika na fremu zote kabla halijasafiri. Msimwonee haya.

Mwenye boksi la Monogram au Revell analolitilia shaka aweke hapa picha tatu: pembe za boksi kwa karibu, ubavu wenye anwani ya kampuni, na kibandiko cha bei kama kipo. Tutalitazama pamoja kabla hujalikata.