Orodha Nyekundu ya IUCN: mmea wa Takakia na kasa ng'amba kwenye mizani moja

Orodha Nyekundu ya IUCN, yaani Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, iliyoanzishwa mwaka 1964 na ambayo yeyote anaweza kuisoma bila malipo, huwapima viumbe wa kila namna kwa ngazi zilezile za hatari ya kutoweka. Ili kuona mizani hiyo inafanyaje kazi, nimelinganisha kasa ng'amba, Eretmochelys imbricata, ambaye amewindwa mno kwa ajili ya gamba lake, na Takakia ceratophylla, mmea mdogo usio na maua wala mizizi, wa jamii ile inayotanda kama zulia juu ya mawe yenye unyevu, unaoota kwenye miinuko ya Himalaya.

Ng'amba yumo katika ngazi ya juu kabisa ya hatari kwa viumbe waliosalia porini, na Takakia iko ngazi mbili chini yake. Msomaji mwenye haraka ataishia hapo akidhani kwamba mmea una nafuu, na kwa maoni yangu atakuwa ameacha sehemu bora ya huduma hii, yaani maelezo ya tathmini yenyewe. Tathmini ya ng'amba ya mwaka 2008 imejengwa juu ya kupungua kwa zaidi ya asilimia 80 katika vizazi vitatu, jambo linaloweza kukadiriwa kwa sababu majike hupanda ufukweni kutaga, wakaacha nyayo na viota vinavyohesabika. Takakia haihesabiki hivyo: ukiitazama kwa kioo cha kukuzia utaona vijiti vya kijani vya takriban sentimita moja, vimebanana kiasi kwamba huwezi kusema mmea mmoja unaishia wapi. Kwa mimea ya aina hii, ukubwa wa eneo inakoota ni kipimo cha haki zaidi kuliko idadi.

Mwaka wa tathmini usomwe kabla ya ngazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulikadiria umri wa ukoo wa Takakia kuwa miaka milioni 390, ukaonyesha pia kwamba katika uwanda wa juu wa Tibet eneo lake linapungua kwa takriban asilimia 1.6 kila mwaka. Matokeo kama hayo hayabadilishi ngazi mpaka tathmini ifanywe upya.

Upungufu mkubwa ninaouona ni wa uwiano. Spishi zote 7 za kasa wa baharini zimetathminiwa, ilhali kati ya maelfu ya spishi za jamaa za Takakia ni chache tu zilizofikiwa, na spishi isiyomo kwenye orodha isidhaniwe kuwa salama.