Uzoefu wangu: Ladino Day pale Chuo Kikuu cha Washington, Seattle

Jamani ngoja niwaambie hii kitu maana naona wengi tunaoishi huku Seattle hatuijui kabisa. Pale Chuo Kikuu cha Washington kuna kituo cha masomo ya Kiyahudi kinaitwa Stroum Center, wanaandaa mihadhara na usomaji wa hadharani, hamna kiingilio, hamna anayekuuliza dini yako wala kama we ni mwanafunzi, unajisajili mtandaoni unaenda kukaa. Niliyoenda mimi inaitwa Ladino Day, yaani siku ya lugha ya Kiladino, wameianza 2013 na wanaifanya kila mwaka.

Kiukweli nilienda kwa wasiwasi kidogo. Niliwahi kwenda mhadhara chuo kingine, sikitaji jina, profesa akasoma karatasi lisaa lizima bila kuinua macho, maswali mawili, basi, tukatoka. Hapa ilikuwa tofauti kabisa. Wazee wanasoma kwa lugha yao wenyewe, mara hadithi, mara methali, mara wimbo na ukumbi mzima unaitikia, na maelezo ya Kiingereza yapo kwa hiyo huachwi nyuma.

Kwa wasiojua, Kiladino ni lugha ya Wayahudi waliofukuzwa Hispania 1492. Wengi wakapokelewa na dola ya Waturuki, wakakaa Salonica, Istanbul, Izmir, kisiwa cha Rhodes, na wakaendelea na kile Kihispania chao cha zamani miaka zaidi ya mia nne huku kikichanganyika na Kiebrania, Kituruki na Kiarabu. Seattle walianza kufika 1902, na mpaka leo wana masinagogi yao kule Seward Park.

Sasa hapo kwenye Kituruki na Kiarabu ndo nilipokaa wima. Habari kwao ni haber, yaani ukimtakia mtu habari njema unasema haberes buenos! Mgeni wanamwita musafir. Nikamgeukia bibi mmoja aliyekaa pembeni yangu nikamwambia bibi, hata sisi tunasema habari, na msafiri kwetu ni mtu aliye njiani, akanishika mkono akacheka, tukaanza kubadilishana maneno mpaka tukaambiwa tunyamaze. Baadae akanisimulia kwamba ndugu za bibi yake waliondoka Rhodes wakaenda Kongo, mji wa Elisabethville. Nikamwambia huo sasa ni Lubumbashi na watu wake wanaongea Kiswahili, hakuwa anajua! Na wapenda mpira wenzangu mtanielewa, Moïse Katumbi wa TP Mazembe, klabu ya huko huko Lubumbashi, bosi wa Samatta enzi zile za ubingwa wa Afrika 2015, baba yake mzazi alikuwa Myahudi wa Rhodes. Waliobaki kisiwani Wajerumani waliwachukua Julai 1944, watu zaidi ya 1,600 wakapelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz, waliosalimika ni kama 150. Alivyosema hivyo yule bibi hakuongeza neno, na mi sikuuliza.

Ila kilichonigusa kuliko vyote ni maandishi. Kiladino kilikuwa kinaandikwa kwa herufi za Kiebrania, na ule mwandiko wa mkono una jina lake, solitreo, siku hizi wanaoweza kuusoma ni wachache mno. Chuo kikawaomba familia za hapa Seattle walete barua, vitabu, daftari za zamani zilizokuwa zinaozea kwenye masanduku, wakaviskani na vingi viko mtandaoni, mtu yeyote anaangalia. Nilikuwa nasikiliza huku namuwaza babu yangu Pangani. Babu alikuwa anaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, hesabu za minazi, dawa, mashairi, na sisi wajukuu wote tumesoma shule na hakuna hata mmoja anayeweza kusoma mstari mmoja wa mkono wake. Lile sanduku liko kwa shangazi.

Kuna pia mihadhara ya Stroum yenyewe, hii ni mizito zaidi, ipo tangu miaka ya 1970, na kile kitabu maarufu cha mwanahistoria Yosef Hayim Yerushalmi kuhusu historia na kumbukumbu, kilichotoka 1982, kilianza kama mihadhara hiyo hiyo. Nzuri, ila kama ndo mara yako ya kwanza anza na Ladino Day, na nenda mapema ukae karibu na wazee, nusu ya utamu uko pale kwenye viti.

Nyota tano. Usiku ule ule nilimpigia shangazi, kule ilikuwa asubuhi, nikamwambia shikamoo shangazi, naomba lile sanduku la babu lisitupwe na lisikae chini kwenye unyevu. Akaniuliza kuna nini, nikamweleza yote. Mpaka sasa ameshanitumia picha za kurasa kumi na moja kwa WhatsApp, na nimempata ustadhi mmoja hapa Tukwila anayesoma zile herufi, Jumamosi tunaanza.