Cheni ya bodaboda: ipi uinunue, ipi uiache dukani

Cheni yangu ilikatika nikipanda mlima na magunia mawili ya viazi. Ilijikunja kwenye sproketi ndogo ya mbele, lile gurudumu la meno linaloizungusha cheni, ikapasua kava ya injini, oili yote ikamwagika barabarani. Na ilikuwa cheni ya wiki tatu tu. Kilichoniponza ni sproketi za zamani. Meno yalishachongoka kama ya msumeno, nikaambiwa bado zinadai, nikakubali kufungiwa cheni mpya juu yake.

Tangu siku hiyo sinunui cheni peke yake. Nanunua seti: cheni, sproketi ya mbele na ya nyuma, vyote siku moja. Meno yaliyolika huila cheni mpya, na cheni iliyorefuka hula meno mapya. Anayebadilisha kimoja kimoja hulipa mara mbili.

Kabla ya kutaja ubora, angalia namba ya saizi ya cheni. Pikipiki nyingi za cc 125 na 150 zinatumia 428. Ile 4 ya mwanzo maana yake ni sehemu nne za nane za inchi, yaani milimita 12.7 kutoka pini hadi pini, vile vijiti vinavyounganisha viungo. Cheni ya 420 ina urefu huohuo wa kiungo, ila ni nyembamba, ndani ina milimita 6.35 badala ya 7.94. Hapo ndipo watu wanapoibiwa. Ukiweka 428 kwenye sproketi za 420 itakaa na itazunguka, lakini itayumba huku na huku hadi imalize meno.

Chaguo langu la kwanza, kwa dereva anayebeba abiria na mizigo kila siku, ni 428H isiyo na pete za mpira, pamoja na sproketi za chuma. Herufi H inaonyesha kwamba sahani za pembeni ni nene zaidi, na unene huo ndio unaobeba mzigo mlimani. Hii inastahimili kazi, bei yake haiumizi sana, na fundi yeyote anaijua. Usishawishike na sproketi ya nyuma ya aluminiamu kwa sababu inang'aa. Ni nyepesi kweli, ila inalika haraka kuliko chuma.

Namna ya kuikagua dukani: itoe kwenye boksi, usinunue boksi. Cheni nzuri imegongwa jina na namba kwenye sahani zake, viungo vyote. Kisha tazama rola, zile pipa ndogo zinazokaa kwenye meno. Ukiona mstari umepita kwenye rola kutoka upande hadi upande, ujue ni bati lililokunjwa likaunganishwa. Rola bora haina mshono. Mwisho ilaze ubavu, ishike ncha moja na uinyooshe hewani. Ikilegea na kuning'inia kama kamba, pini zina nafasi tangu kiwandani. Muuzaji akikataa usiifungue, nenda duka la pili. Kariakoo hakuna uhaba wa maduka ya spea.

Ya pili ni cheni yenye pete za mpira, kama zile za DID na RK kutoka Japani. Pete hizo hufungia grisi kati ya pini na bushi, kibomba kinachoizunguka pini, vumbi na maji visiingie. Kwa anayekwenda safari ndefu za vumbi na anayekusudia kukaa na chombo chake, ningesema ndiyo, lipa. Ila ni ghali, na ni pana kidogo, kwa hiyo pima kwanza isije ikakwaruza kava. Loki yake, yaani kiungo kinachounganisha ncha mbili za cheni, huja na pete nne. Fundi akisahau hata moja, kiungo hicho kitakufa kabla ya vingine. Usiioshe kwa petroli, inaharibu mpira. Tumia mafuta ya taa, ufute, kisha upake oili ya gia.

Ya tatu ni 428 nyepesi isiyo na jina. Inamfaa anayetumia pikipiki kwenda sokoni Jumamosi. Kwa kazi ya kutwa, hapana.

Ya mwisho kabisa, na siipendekezi hata kama huna hela, ni kupunguza kiungo kwenye cheni iliyorefuka ili ikaze tena. Kupunguza kiungo hakuondoi ulegevu wa pini. Pima mwenyewe: ivute inyooke, hesabu pini 21, pima kutoka katikati ya ya kwanza hadi katikati ya ya mwisho. Mpya ni milimita 254. Ikifika 259, ivue.

Ukishaamua, utaulizwa meno mangapi. Tuseme chombo chako kina 15 mbele na 42 nyuma. Ukiweka 14 mbele unapata nguvu ya mlima sawasawa na kuweka 45 nyuma, na ni rahisi zaidi. Lakini sproketi ndogo huikunja cheni zaidi, na injini itapiga kelele barabara ya lami. Mimi wa milimani nimebaki na 14.

Oili chafu iliyotolewa kwenye injini isipakwe kwenye cheni. Imejaa chembe za chuma. Na kava la cheni lililofunika kotekote, kama la Honda CG125, usilivue kwa sababu linagonga. Lifunge vizuri, ndilo linalozuia mchanga.

Fundi akimaliza, chuchumaa uangalie klipu ya loki. Upande uliofungwa utangulie kule cheni inakokwenda, ule wenye mdomo ubaki nyuma. Nunua na loki moja ya akiba, iweke chini ya siti.